Maiki inachoma mdomo, SWR inacheza ukishika kebo: usikimbilie kuchimba eathi

Wakuu, hii ni kwa wenye leseni za redio ya ridhaa huku Tabora, Kigoma na popote ambapo mlingoti wa kwanza wa mtu huwa ni mti. Tatizo hili la maiki kuchoma na SWR (namba inayoonyesha nguvu kiasi gani inarudi kutoka kwenye antena, 1 ndo nzuri) kuchezacheza nimelikuta kwa watu wengi na karibu wote wanakimbilia dawa ileile niliyokimbilia mimi, unachimba shimo, unapigilia eathi rodi, unamwaga chumvi na mkaa na ndoo mbili za maji, afu unashangaa mbona hali iko vilevile au imehamia bendi nyingine.

Nianze na kwangu ili muelewe natokea wapi. Niko Ng'ambo hapa Tabora, antena ni dipoli (waya wenye mikono miwili unaolishwa katikati) ya bendi mbili, mikono ya mita 10 kila upande kwa ajili ya bendi ya mita 40 (megahezi 7), na chini yake mikono ya mita 5 kila upande kwa bendi ya mita 20 (megahezi 14), zote zinakula kebo moja ya koaksi aina ya RG-58. Katikati imening'inia kwenye tawi la mwembe kama mita 8 kutoka chini, kebo inashuka na kuingia dirishani, jumla mita 10. Redio inakula betri ya sola ya volti 12 na haikuwa imeungwa na eathi yoyote. Nikiwa mita 40 kwa wati 100, mdomo ukigusa tu ule wavu wa maiki naungua, na sio ile ganzi ya umeme wa nyumbani, hapana, ni kama umechomwa na ncha ya sindano iliyotoka kwenye moto na inabaki alama nyeupe ndogo kwenye mdomo kwa siku nzima. Nikapigilia rodi chini ya dirisha, waya mita moja tu kutoka kwenye redio. Kuungua kukaisha palepale. Nikafurahi siku mbili, ya tatu nikahamia mita 20 na hapo laptop ikaanza kukata USB kila nikirusha, na sabufa ya sebuleni ikawa inatoa sauti yangu imekwaruza hata haieleweki. Nikaongeza rodi ya pili, nikaongeza ya tatu, nikaweka chumvi, nikaweka mkaa, na ilikuwa mwezi wa nane, mchanga wetu huku mnaujua ulivyo mkavu mwezi wa nane. Hakuna kilichobadilika.

Kilichoponya mwisho wa siku hakikuwa chini ardhini, kilikuwa juu kwenye mwembe: choki, yaani kizuizi cha umeme unaotembea nje ya kebo.

Kwanza elewa waya wa tatu, bila huo utabahatisha tu

Kebo ya koaksi tunaihesabu ina nyaya mbili, waya wa katikati na ule wavu unaouzunguka. Kwa umeme wa betri ni kweli ni mbili. Kwa RF, yaani umeme wa redio, ni tatu, kwasababu umeme wa masafa ya juu haupiti ndani ya chuma, unatembea juu juu kwenye ngozi yake, na kwa megahezi 7 unazama kwenye shaba kama milimita 0.025 tu. Kwa hiyo wavu una ngozi ya ndani inayobeba umeme wa kazi, na una ngozi ya nje ambayo ni waya mwingine kabisa, na hizo mbili hazijuani mpaka kebo ifike mwisho.

Sasa mwisho ndo kule juu kwenye dipoli. Umeme unaokuja na ngozi ya ndani ukifika pale unakuta njia panda, uingie kwenye mkono wa dipoli au ugeuke urudi chini kwa ngozi ya nje. Utagawanyika kulingana na njia ipi ni rahisi. Ile sehemu inayorudi kwa nje inashuka mpaka dirishani, inaingia ndani kwako, inapanda kwenye bodi ya redio, maiki, waya wa USB, waya wa chaja. Yaani kebo yako imeshakuwa sehemu ya antena na wewe uko kwenye ncha yake.

Hapa ndo pana kitu ambacho wengi hawakipigii hesabu. Urahisi wa ile njia ya nje unategemea urefu wake na mwisho wake umeishiaje. Kama redio inaelea, haina eathi, basi urefu mbaya ni robo wimbi, na robo wimbi ya mita 40 ni kama mita 10. Kama mwisho umefungwa kwenye eathi, urefu mbaya unakuwa nusu wimbi, na nusu wimbi ya mita 20 ni hizohizo mita 10 na kidogo. Rudi usome tena stori yangu hapo juu. Kebo ya mita 10 inayoelea, mita 40 ikanichoma. Nikaweka eathi, mita 40 ikapona na mita 20 ikaharibika. Rodi haikumeza chochote, ilibadilisha tu mwisho wa waya wa tatu na tatizo likahama bendi. Hata rodi ingekuwa nzuri kiasi gani jibu lingekuwa lilelile.

Na ukipima urefu huo usitumie ile 0.66 ya RG-58 (kasi ya umeme ndani ya kebo ukilinganisha na hewani). Hiyo ni ya umeme unaopita ndani, kwenye plastiki. Ngozi ya nje inaona hewa na ganda jembamba tu, chukua kama 0.95 hivi. Nimeona mtu anapiga hesabu za 0.66 akajiridhisha kwamba urefu wake uko salama kumbe yuko palepale penye ubaya.

Maiki au bodi ya redio inachoma

Kabla ya yote tenganisha vitu viwili kwasababu kimoja kinaua. Ikiwa unahisi ganzi hata kama HURUSHI, hiyo sio RF, hiyo ni umeme wa nyumbani. Pawa saplai za kisasa zina vikapasita vya kuchuja kati ya laini na bodi, na kama soketi yako haina eathi ya kweli bodi inabaki ikielea kwenye volti mia hivi, karibu nusu ya 230. Chukua multimita, weka AC, ncha moja kwenye bodi ya redio na nyingine kwenye rodi ya ardhini. Ukiona volti 90, 100, 110, soketi haina eathi, na nyumba nyingi huku soketi ina tundu la tatu ila ndani ya ukuta hakuna waya uliofika pale. Inaweza kuwa uvujaji mdogo tu wa kutekenya, inaweza pia kuwa waya umechubuka ndani, na kwa mkono huwezi kujua. Zima, ita fundi umeme, usiendelee na mengine.

Ikiwa inachoma pale tu unapobonyeza PTT (kitufe cha kurusha), hiyo ni RF. Na kuchoma maana yake ni kwamba hapo ulipo volti ni kubwa. Mwisho wa waya unaoelea volti inakuwa juu na mkondo unakuwa mdogo, kama ncha za dipoli. Kwa hiyo ukija na kipimo cha mkondo ukakibana kwenye kebo hapo mezani utasoma kidogo na utasema kebo ni safi. Sio safi. Panda nacho juu kuelekea kwenye antena utaona mshale unavyoinuka.

Hicho kipimo tengeneza mwenyewe, kinafaa kuliko maneno yangu yote. Tafuta kile kifundo cheusi cha feraiti cha kufunguka kinachobanwa kwenye nyaya za kompyuta, zungusha waya mwembamba mara 10 kwenye nusu yake moja, ncha zake mbili weka rezista ya omu 47, toka hapo dayodi ndogo ya 1N34A au 1N5711, kisha kapasita ya nanofaradi 10, afu multimita ya mshale kwenye maikroampea. Unabana kifundo juu ya kebo, mwenzako anarusha wati 10, unakitembeza. Siku nilipokifanya kwangu nilipanda ngazi kwenye mwembe na kijana wa jirani yuko ndani anabonyeza kwa hesabu, moja, mbili, achia. Dirishani mshale ulikuwa umelala. Mita tatu juu ukaanza kusogea, mita sita umefika nusu, na karibu na kiungo kule juu ukagonga mwisho wa kioo ikabidi nipunguze wati. Hapo ndo niliamini.

Kebo ikipita katikati ya kifundo, mkondo wa ndani wa kwenda na wa kurudi unafutana, kwahiyo kinachosomwa ni kile cha nje tu. Ndio maana hiki kifaa kinasema ukweli.

SWR inabadilika ukishika kebo, ukihamisha redio au ukiongeza kipande

Hiki ndo kipimo cha bure kabisa. Weka wati 5, angalia SWR, kisha shika kebo kwa kiganja kwenye ganda lake la plastiki, achia, shika tena sehemu nyingine. Kebo iliyotulia haijali mkono wako. Mshale ukicheza, mkono wako uko kwenye antena.

Kipimo cha pili ongeza kipande cha mita 2 kati ya redio na kebo. SWR ya kweli inapaswa ibaki ilivyo au ishuke kidogo sana kwasababu ya upotevu. Ikiruka kutoka 1.4 kwenda 2.1 au ikashuka kutoka 2.5 kwenda 1.2, umeongeza urefu wa waya wa tatu. Hapa nawaomba sana, achaneni na tabia ya kukata na kuongeza kebo mpaka SWR ipendeze. SWR inapendeza kwenye mita, afu tatizo lipo palepale limejificha, siku ukihamisha meza au mvua ikilowanisha ardhi linatokea tena.

Kuna wengine wana tyuna (kifaa cha kulinganisha redio na antena), SWR inaleta 1.1, wanasema tayari. Tyuna inaridhisha redio tu, ngozi ya nje ya kebo haiigusi.

Pia angalia kebo inashukaje. Ikishuka ikawa imelala sambamba na mkono mmoja wa dipoli, hata ukiweka choki nzuri kule juu ule mkono utaipenyezea umeme kwa kuwa jirani. Ishushe wima, pembe mraba na waya, angalau mita 5 kabla hujaipindisha kwenda nyumbani. Na usiilaze kebo juu ya bati. Nyumba nyingi bati zimeshika kutu kwenye misumari na maungio, na chuma chenye kutu kilichogusana vibaya kinafanya kazi kama dayodi, unarusha megahezi 7 lenyewe linazalisha 14 na 21 na linachafua TV za watu.

Sauti imekwaruza, laptop inakata, sabufa ya jirani inaongea

Hapa usianze kuvisha feraiti kila waya wa ndani. Anza na mzigo bandia. Chukua rezista 20 za omu 1000 zenye wati 2, za kaboni sio za kuzungushwa waya, ziunge zote sambamba, unapata omu 50 inayovumilia kama wati 40 kwa muda mfupi. Chomeka badala ya antena, rusha. Kama laptop bado inakata, tatizo liko hapohapo mezani, pengine konekta ya PL-259 wavu wake haujalehemiwa vizuri au waya wa data una hitilafu. Kulehemu PL-259 kunataka joto la kutosha, nyingi nilizofungua risasi imekaa juu kama tone la nta halijashika, na wavu uliokatika pale unatoa RF nje hata kama antena yako ni nzuri.

Kama kwenye mzigo bandia kila kitu kimetulia, basi tatizo linatoka kwenye antena na hapo kuna njia mbili. Njia ya kwanza ni umeme wa nje ya kebo unaoingia ndani, unatibiwa na choki. Ya pili ni kwamba sabufa ya jirani iko mita 6 kutoka kwenye dipoli na nyaya zake ndefu za spika zinapokea moja kwa moja kutoka hewani, hiyo choki yako haitaigusa. Weka choki kwanza, afu kama sabufa bado inaongea nenda kwa jirani na vifundo vya feraiti, zungusha waya wa spika mara sita saba karibu na sabufa yenyewe. Nenda kwa heshima, mueleze una leseni ya TCRA na umekuja kumaliza kero. Mimi kwa mama wa nyumba ya pili nilienda na vifundo viwili na bisibisi, dakika kumi kazi imeisha, mpaka leo akisikia chochote kwenye redio yake ananiita mwenyewe badala ya kulalamika kwa mwenyekiti wa mtaa.

Kelele kwenye kupokea

Watu hawaunganishi hili na mambo ya juu lakini ni kitu kilekile kinachoenda kinyume. Ngozi ya nje ya kebo inapita ndani ya nyumba, inaokota kelele za chaja za simu, taa za LED, invata, inazipandisha mpaka kwenye kiungo cha juu, pale zinaingia ndani ya kebo na kushuka kwenye redio yako kama vile zimetoka hewani.

Kwangu nilikuwa na kelele ya S7 (kwenye mshale wa redio unaopima ukubwa wa mawimbi yanayoingia) bendi ya mita 40 ambayo ilikuwa inaanza kama saa mbili unusu asubuhi na kukata jioni jua linapozama. Kila siku. Siku ya mawingu inapanda na kushuka na mawingu. Nilichelewa kuelewa, ila ukishasema hivyo kwa sauti jibu unalo, ilikuwa ni kidhibiti cha chaji cha sola. Kinakata na kuunga umeme wa paneli mara maelfu kwa sekunde, na nyaya ndefu za kutoka juu ya bati mpaka kwenye betri ndo antena yake. Nilipochomoa waya wa paneli S7 ikashuka S3.

Ukitaka kumjua mwizi wako, weka redio kwenye betri peke yake isiyounganishwa na kitu, zima swichi kubwa ya nyumba, chomoa sola, sikiliza. Afu rudisha kimoja kimoja. Ukishamjua, mvishe feraiti yeye mwenyewe, nyaya zote mbili za paneli, chanya na hasi, zipite pamoja kwenye kifundo kimoja, ukipitisha moja tu utakosea. Na choki ya antena iweke vilevile, maana majirani nao wana sola na huwezi kuzima mtaa mzima.

Choki yenyewe

Choki ni ile inayozuia ngozi ya nje bila kugusa umeme wa ndani. Jina mafundi wanalijua kutokana na taa za tyubu. Inakaa JUU, pale kebo inapoungana na dipoli, sio mezani. Mezani unaweka ya pili ukitaka, dirishani pale kebo inapoingia, lakini ya kwanza ni ya juu.

Ya bei rahisi ni kuzungusha kebo yenyewe mara 8 hadi 10 kwenye bomba la PVC la inchi 4, mizunguko ilale pembeni kwa pembeni safu moja, usiifunge kama kitita cha kamba kwasababu mzunguko wa kwanza ukikaa karibu na wa mwisho RF inaruka. Inafanya kazi, mita 40 utapata ukinzani wa omu mia kadhaa. Ubaya wake ni kwamba ukinzani wake ni wa koili tupu, haupotezi nguvu, na kuna urefu wa kebo ambao unakutana na koili wanafutana, mkondo unazidi badala ya kupungua. Ukiifunga na hali ikawa mbaya zaidi usishangae, ndo hicho.

Nzuri ni pete ya feraiti, ile FT240-31, kebo ya RG-58 izungushwe mara 11 au 12. Hapo mita 40 na mita 20 zote unapata omu elfu kadhaa na sehemu kubwa ni ukinzani wa kweli, hauchezi na urefu wa kebo. Lengo usishuke chini ya omu 1000. Kebo yenye plastiki ya povu ndani usiikunje kwenye pete, waya wa katikati unahama taratibu ukipata joto mpaka unagusa wavu. RG-58 ya plastiki ngumu inavumilia.

Pete hizo dukani kwetu hazipo, unaagiza. Ukisubiri, nenda kwa mafundi wa TV ukaombe TV ya chogo iliyokufa. Kwenye shingo ya kioo kuna koili ya shaba imezunguka pete kubwa ya feraiti, nusu mbili zimebanwa kwa vibanio vya chuma. Toa shaba, bana nusu tena zishikane bila nafasi, zungusha kebo. Inasaidia zaidi bendi za chini kama mita 80 na 40, na lazima uipime na kile kipimo cha mshale kwasababu feraiti zake hazifanani. Ila kabla hujaifungua hakikisha TV haijawashwa siku nyingi na fundi ameitoa chaji ya kioo, ile inapiga.

Kingine cha kujua, nguvu ya choki inakwenda kwa mraba wa mizunguko. Kifundo kimoja ukipitisha waya mara moja ni omu makumi tu kwa megahezi 7, ukipitisha mara tatu ni mara tisa ya hapo. Kwa hiyo yule anayebana vifundo vitatu vya waya wa kompyuta kebo imepita mara moja moja na kusema choki hazifanyi kazi, hajaweka choki bado.

Ukirusha dakika tano wati 100 ukashika pete ikawa ya moto, usipunguze mizunguko. Joto lina maana mkondo bado unapita mwingi, ongeza ukinzani, weka pete ya pili mfululizo.

Antena ya kulishwa mwishoni na ya wima ni habari tofauti kidogo

Jamaa yangu Kigoma, yuko juu Mwanga, ana waya wa mita 20 unaoteremka na kilima kuelekea ziwani, unalishwa mwishoni kwa transfoma ya 49 kwa 1. Aliponisikia nasema choki juu, akaweka choki palepale kwenye transfoma na SWR ikaenda kusikoeleweka. Ni kweli, na kosa nililifanya mimi kwa kutomuuliza ana antena gani. Ile antena haina mkono wa pili, inatumia ngozi ya nje ya kebo kama mkono wake, ukiifunga pale umemkata mkono. Suluhisho lake alifunga kipande cha waya mita 2 kwenye upande wa eathi wa transfoma kikaning'inia, kama asilimia 5 ya wimbi, na choki akaiweka dirishani. Laptop yake ikatulia.

Ya wima yenye waya za chini, hiyo choki inakaa kwenye shina, na waya za chini ziwe nyingi kadiri unavyoweza. Kwenye mchanga mkavu wa Tabora rodi moja chini ya antena ya wima ni kama hakuna, waya 16 za kulala juu ya ardhi zinashinda rodi kumi.

Sasa eathi ni ya nini

Sijasema usiweke eathi. Nimesema haitibu umeme wa nje ya kebo. Eathi ina kazi mbili kubwa, kukulinda na umeme wa nyumbani na kupunguza madhara ya radi. Kazi ya tatu, ya RF, ni kwa antena za wima na nyingine zisizo na mkono wa pili. Dipoli haihitaji.

Na usidhani waya wa eathi ni ardhi. Mita moja ya waya ulionyooka ni kama maikrohenri 1, kwa hiyo ukiwa ghorofani na waya wa mita 10 kushuka chini, kwa megahezi 7 hizo ni omu 440 hivi, na zaidi ya hapo urefu huo ni robo wimbi, ncha ya chini ikiwa ardhini ncha ya juu kwako inakuwa na moto uleule wa maiki. Mtu wa ghorofani anayeweka eathi ndefu kutibu maiki anaweza kuzidisha.

Rodi za dukani nyingi ni za mita 1.2. Kwa kichanga chetu hiyo inakaa kwenye mchanga mkavu tupu kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua zianze, piga mbili tatu zilizoachana kama mita 2 hadi 3 na uziunge zote kwa waya mnene wa shaba. Chumvi inasaidia mwaka wa kwanza ila inakula rodi na inakula kibanio, fukua uangalie kila kabla ya mvua, nimeng'oa rodi iliyobaki nyembamba kama penseli. Usitumie nyutro kama eathi kamwe, nyutro ikikatika nje redio yako yote inakuwa na 230. Mabomba ya maji siku hizi ni plastiki, sahau.

Na hili naliomba kwa moyo wote, unga rodi ya antena na eathi ya nyumba ziwe kitu kimoja. Wengi wanaziacha mbalimbali wakidhani ndo usalama. Radi ikipiga karibu, ardhi ya rodi hii na ya rodi ile zinapishana maelfu ya volti, na njia pekee inayoziunganisha ni redio yako na mkono wako ukiwa juu yake.

Mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne kebo isikae imechomekwa ukiwa hutumii. Ichomoe nje ya dirisha, iache nje, sio kuichomoa redioni na kuiacha mezani. Ukisikia ngurumo umeshachelewa kutoka kwenda kuishika, kaa ndani, hesabu dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho ndo uende. Antena iko kwenye mwembe mrefu kuliko nyumba zote za mtaa, radi haihitaji mwaliko mwingine.

Kisanduku cha choki

Choki nimeiweka kwenye kisanduku cha plastiki cha umeme, nimekifunga juu na kuacha tundu chini la kutolea unyevu. Miezi miwili baadaye SWR ikaanza kupanda taratibu, nikapanda, nyuki wameshajaza masega humo ndani mpaka kwenye konekta. Ukanda huu wetu wa asali tundu usiliache wazi. Kata kipande cha chandarua cha chuma cha dirishani, kibandike kwa ndani, tundu liwe la milimita 4 na lielekee chini, na konekta uizungushie tepu ya mpira kuanzia chini kwenda juu ili maji yateleze juu ya kingo.